Mnyororo umekatikia wapi, na umekatwa na nini? Utatuzi wa matatizo ya kusoma DNA kwa vikomeshi

Grafu ya mashine ya kusoma mfuatano wa DNA inafunguka vizuri. Vilele vimesimama wima kwa rangi zake nne, herufi zinasomeka bila shida, kisha ikifika besi (herufi) ya 280 hivi kila kitu kinalala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Wengi wetu tukiona hivyo hukimbilia kurudia sampuli ileile na kuongeza DNA, na mara nyingi grafu ya pili hutoka mbaya kuliko ya kwanza. Kurudia bila kujua sababu ni kupiga ramli, na vitendanishi vya kazi hii ni ghali mno kupigiwa ramli.

Mimi huanza na swali moja kwa kila grafu mbovu: mnyororo wa DNA umekatikia wapi, na umekatwa na nini? Anayeshika swali hilo atajikuta anapunguza orodha ndefu ya washukiwa hadi wawili au watatu kabla hajagusa pipeti.

Kwanza, mnyororo unapofungwa ipasavyo

Polimerasi ni kimeng'enya kinachonakili uzi wa DNA uitwao kiolezo, kikianzia kwenye kipande kifupi kiitwacho praima. Huunga kila nukleotidi mpya, yaani kila herufi, kwenye kundi la haidroksili lililo katika kaboni ya 3 ya sukari ya nukleotidi iliyotangulia. Dideoksinukleotidi, yaani ddNTP, ndiyo kikomeshi, na haina kundi hilo. Mahali pake pana hidrojeni tu. Polimerasi huipokea na kuiunga, kwa kuwa upande wake wa fosfati ni mzima, lakini ikishaingia hakuna tena pa kuunga inayofuata. Mnyororo umefungwa, na herufi iliyoufunga ndiyo tunayoisoma. Frederick Sanger, Steve Nicklen na Alan Coulson walichapisha njia hii mwaka 1977, na mwaka 1980 Sanger alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mara ya pili, baada ya ile ya 1958.

Siku hizo kila kikomeshi kilikuwa na bomba lake. Alama ya mnururisho ilikuwa ndani ya mnyororo wenyewe, na mabomba manne yalipita katika njia nne za jeli, moja kando ya nyingine. Leo vikomeshi vinne vimevikwa rangi nne, vyote vinaingia bomba moja, na kapilari moja, mrija mwembamba unaopanga vipande kwa urefu, inatosha.

Naomba usipite haraka hapa. Rangi iko juu ya kikomeshi. Mnyororo uliofungwa na kikomeshi unang'aa na mashine inauona. Mnyororo uliokatika kwa sababu polimerasi iliachia njiani hauna rangi yoyote, kwa hiyo mashine haina habari nao. Katika jeli ya zamani ajali ya namna hiyo ilijitangaza: mstari mmoja ulikatiza njia zote nne kwa urefu uleule, na msomaji akajua papo hapo kwamba polimerasi ilikwama. Kwenye grafu ya leo ajali hiyohiyo huonekana kama upungufu tu wa kinachofuata. Ndiyo maana lazima tuulize nini kimeukata mnyororo, maana mashine haitatuambia.

Dalili: hakuna chochote, mstari umelala tangu mwanzo hadi mwisho

Usianze na DNA yako. Fungua data ghafi, ile ambayo programu bado haijaisafisha, utafute kama kuna mabaki ya rangi mwanzoni. Usafishaji wa kawaida kwa etanoli huacha angalau kidogo. Ukiyaona mabaki ya rangi lakini hakuna vilele, sampuli iliingia kwenye kapilari, na shida iko kwenye mmenyuko. Usipoona hata mabaki, shuku kapilari iliyoziba, kisima kilichoingia hewa, au mashapo ya DNA yaliyomwagwa pamoja na etanoli. Hili la mashapo hutokea kuliko watu wanavyokiri, kwa kuwa hayaonekani kwa macho.

Ikiwa shida ni mmenyuko, angalia sampuli ya kulinganishia, yaani plasmidi (DNA ndogo ya duara) inayokuja na seti ya vitendanishi pamoja na praima yake. Nayo ikiwa imekufa, vitendanishi vimeharibika au mashine ya kupasha na kupoza ilikosea. Nayo ikiwa nzima, basi ni kiolezo chako au praima yako.

Kwa kiolezo, mshukiwa wa kwanza ni EDTA. Watu huhifadhi DNA katika bafa yenye EDTA, wakasahau kwamba polimerasi haifanyi kazi bila magnesi na EDTA huikamata magnesi hiyo. Kiolezo cha kusomwa kitolewe kwa maji safi au bafa ya Tris peke yake. EDTA inayotiwa baadaye, wakati wa kuteremsha minyororo kwa etanoli, haina ubaya, kwa kuwa usanisi umekwisha. Pima pia uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 kwa 280, uwe karibu na 1.8, na ule wa 260 kwa 230. Huu wa pili ukiwa chini sana, kuna chumvi au mabaki ya kemikali za uchimbaji.

Kwa praima, kuna kosa moja linalonigusa kwa sababu lilinila siku nne. Praima ilikuwa na mfuatano sahihi kabisa, mahali pa kushikia palikuwapo, joto lilifaa, na bado hapakuwa na hata kilele kimoja. Mwishowe nikasoma karatasi ya oda mstari kwa mstari, nikakuta iliagizwa ikiwa na fosfati kwenye ncha ya 3, kama inavyofanywa kwa vipimaji vya PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA) ya wakati halisi ambavyo havitakiwi kurefushwa. Yaani mnyororo ulikuwa umefungwa kabla haujaanza. Tangu hapo nikipata grafu tupu kutoka kwa praima mpya, karatasi ya oda ndiyo naisoma kwanza. Ncha ya 3 lazima iwe na haidroksili iliyo wazi. Mapambo yoyote yakae ncha ya 5.

Dalili: mwanzo vilele vya kupindukia, kisha mteremko mkali

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na inastahili hesabu kidogo.

Katika kila nafasi polimerasi ina chaguo: kuchukua dNTP, yaani nukleotidi ya kawaida, na kuendelea, au kuchukua kikomeshi na kufunga. Tuseme nafasi ya kufungwa ni 1 kati ya 100. Ukifika besi ya 100, minyororo iliyobaki ikikua ni kama asilimia 37 ya ile iliyoanza. Ukifika besi ya 500, ni chini ya asilimia 1. Sasa punguza nafasi ya kufungwa iwe 1 kati ya 500. Kwenye besi ya 500 bado utakuwa na asilimia 37 ya minyororo inayokua, na kila hatua itaacha idadi ya kutosha kung'aa. Tofauti kati ya kusoma herufi 200 na kusoma 700 inaweza kuwa uwiano huo tu kati ya ddNTP na dNTP. Watengenezaji wameshaupima kwa uangalifu. Sisi ndio tunauvuruga.

Njia ya kawaida ya kuuvuruga ni kutia kiolezo kingi mno. Minyororo mingi mno huanza kwa pamoja, malighafi humalizwa na vipande vifupi, na hakibaki cha kurefushia. Tena sampuli huingizwa kwenye kapilari kwa umeme, na umeme huvuta vipande vifupi kwa urahisi kuliko virefu, kwa hiyo mteremko unazidi kuwa mkali. Ndiyo sababu kuongeza DNA kulifanya grafu ya pili iwe mbaya zaidi. Kwa mmenyuko wa kawaida wa mikrolita 20, plasmidi nanogramu 150 hadi 300 zinatosha. Zao la PCR la besi 500 hadi 1,000 linahitaji nanogramu 5 hadi 20 tu, na praima ni kama pikomoli 3.2. Anayetia zao la PCR kwa kipimo cha plasmidi amezidisha mara kumi na zaidi. Namwomba apime kwa rangi inayong'aa inaposhika DNA, kwa kuwa kipimo cha mwanga wa 260 huhesabu pia RNA na nukleotidi zilizobaki.

Chumvi nayo huleta sura inayofanana. Ayoni zake ndogo hushindana na DNA kuingia kwenye kapilari, vipande virefu vikabaki nje. Kutofautisha ni rahisi: punguza kiolezo hadi robo. Mteremko ukilegea, kilikuwa kingi. Usipolegea, safisha upya uondoe chumvi.

Kuna pia wanaobana matumizi kwa kupunguza mchanganyiko wa vitendanishi hadi robo au hata sehemu ya nane. Sina ugomvi nao, nami hufanya hivyo. Ila nafasi iliyoachwa ijazwe kwa bafa yake maalumu. Ikijazwa maji matupu, magnesi inapungua na polimerasi inaachia mapema. Hapo vilele vya mwisho havitakuwapo, na minyororo iliyokatika haitakuwa na rangi ya kukushitakia.

Dalili: vilele hafifu kila mahali, kana kwamba hakuna kinachofungwa

Hapa geuza swali: kwa nini minyororo haikatiki?

Sababu ya kwanza ni dNTP zilizobaki kutoka PCR. Zao la PCR lisiposafishwa huja na nukleotidi za kawaida, uwiano unaelemea upande wa kuendelea, na polimerasi hukimbia hadi mwisho wa kiolezo bila kukutana na kikomeshi. Usafishaji wa vimeng'enya viwili umeundwa kwa ajili hiyo. Eksonukleasi I hula praima zilizobaki, na fosfatasi hukata fosfati za dNTP zilizobaki zisiweze kuungwa tena. Dakika 15 kwenye nyuzi 37, kisha dakika 15 kwenye nyuzi 80 ili vimeng'enya vyenyewe vife. Hatua ya nyuzi 80 usiifupishe. Fosfatasi iliyobaki hai itaingia kwenye mmenyuko wa kusoma na kukata fosfati za vikomeshi vyako pia.

Sababu ya pili ni ya wale wanaojitengenezea mchanganyiko. Polimerasi ya Taq ya kawaida, ile ya PCR, huwakwepa dideoksi. Ikipewa nafasi ya kuchagua, hupendelea dNTP kwa maelfu ya mara. Mwaka 1995 Stanley Tabor na Charles Richardson walionyesha kwamba chanzo kikubwa ni asidi amino moja. Ukibadilisha fenilalanini ya nafasi ya 667 iwe tirosini, kimeng'enya hupokea dideoksi karibu sawa na nukleotidi za kawaida. Haidroksili moja kwenye kimeng'enya inaziba pengo la haidroksili iliyokosekana kwenye sukari. Kila nikilifikiria jambo hili nafurahi upya. Kwa kazi ya benchi maana yake ni kwamba Taq ya kufanyia PCR haifai kusomea, hata iwe mpya namna gani.

Dalili: usomaji mzuri, kisha unakoma ghafla kwenye besi moja

Usidhani kuna kasoro kabla hujajua urefu wa kiolezo. Zao la PCR likiisha, usomaji huisha. Mara nyingi mwishoni kabisa kuna A moja ya ziada, kwa kuwa Taq hupenda kuongeza A isiyo na mwenzake kwenye kiolezo. Hapo hakuna cha kutatua.

Ikiwa kiolezo kinaendelea lakini usomaji umekoma, tazama mfuatano wa mahali hapo. Kukiwa na G na C nyingi, au mfuatano unaojipindia na kujishika wenyewe kama pini ya nywele, polimerasi imefika kwenye fundo na kuachia. Minyororo iliyoachiwa hapo ni mingi, lakini yote haina rangi. Soma kutoka upande wa pili: usomaji ukikoma mahali palepale, fundo ni la kweli. Kisha jaribu DMSO ya asilimia 5 au betaini ya molari 1, ambazo hulegeza fundo, au weka praima mpya karibu zaidi na mahali penyewe.

Kuna undani ambao maelekezo mengi hayausemi. Seti nyingi za vikomeshi vya rangi zina dITP (nukleotidi ya inosini) mahali pa dGTP (ile ya kawaida ya G). Inosini hushikana na C kwa nguvu ndogo, na faida yake ni kwamba vipande vilivyokwisha kutengenezwa havijikunji vikiwa ndani ya kapilari. Gharama yake ni kwamba polimerasi huiunga kwa shida. Ndiyo maana urefushaji hufanywa kwa nyuzi 60 kwa dakika 4, na anayepandisha hadi 72 kwa mazoea ya PCR anajiharibia. Penye fundo sugu, seti yenye dGTP halisi hupita vizuri zaidi, ingawa sasa vilele vya G na C vinaweza kubanana. Kubanana huko ni shida ya safari ndani ya kapilari, na usanisi hauna kosa. Utakujua kwa sababu usomaji unaendelea kama kawaida baada yake, na upande wa pili hauonyeshi kitu mahali hapo. Ukipata usomaji unaokoma kwa dITP na kubanana kwa dGTP, soma kwa zote mbili uunganishe.

Dalili: vilima vipana vya rangi kati ya besi ya 60 na ya 120

Hivi ni vikomeshi ambavyo havikuungwa popote na usafishaji haukuviondoa. Havina mnyororo nyuma yake, lakini vina rangi, kwa hiyo mashine inaviona. Safisha tena kwa etanoli ya asilimia 70. Angalia kwamba etanoli ndani ya bomba nayo iko karibu na kiwango hicho: ikizidi rangi huteremka pamoja na DNA, ikipungua vipande vifupi hupotea. Anayetumia safu ya jeli amwagie sampuli katikati, isitiririke ukutani. Kama hakuna muda wa kurudia, vilele halisi chini ya kilima ni vyembamba na vina nafasi sawa kati yake, na jicho lililozoea huweza kuvisoma hata pale programu imeandika N, yaani herufi isiyojulikana.

Mwiba mmoja mwembamba wenye rangi zote nne kwa pamoja ni kiputo au chembe ya polima. Ingiza sampuli tena, basi.

Dalili: herufi mbili mahali pamoja

Zikiwa mbili tangu mwanzo, kuna violezo viwili, au praima mbili zilizobaki kutoka PCR, au praima moja imeshika mahali pawili. Zikianza katikati na kuendelea hadi mwisho, nakala mbili za jeni zimetofautiana kwa herufi zilizopungua au kuongezeka, au polimerasi imeteleza kwenye mlolongo mrefu wa A au T. Soma kutoka upande wa pili upate nusu iliyobaki. Mahali pamoja tu, vilele viwili vya urefu unaokaribiana: hiyo huenda ni tofauti halisi kati ya nakala mbili, iheshimu na uithibitishe kwa uzi wa pili.

Kivuli kidogo kinachotangulia kila kilele kwa hatua moja kina asili nyingine, na asili hiyo inatupeleka kwenye usanisi wa kemikali. Praima hujengwa kuanzia ncha ya 3 kwenda ya 5. Kila hatua kuna minyororo michache inayokosa kuungwa, na mtengenezaji huifunga kwa anhidridi ya asetiki ili isiendelee kukua. Hata hapo, basi, tunawategemea wakomeshaji wa mnyororo. Ufanisi wa kila hatua ukiwa asilimia 99, praima ya besi 20 hutoka kamili kwa asilimia 83 hivi. Ukishuka hadi 98, ni asilimia 68. Minyororo iliyopungukiwa na besi moja upande wa 5 bado ina ncha nzima ya 3, kwa hiyo hurefushwa kama kawaida, na mazao yake yote ni mafupi kwa besi moja. Hicho ndicho kivuli. Agiza praima iliyosafishwa kwa HPLC (kromatografia ya shinikizo kubwa).

Dalili kwenye mashine za vikomeshi vinavyofunguka: ubora unashuka kadiri mizunguko inavyosonga

Mashine za Illumina hutumia nukleotidi zilizofungwa kwa muda. Mahali pa haidroksili pamezibwa kwa kundi la azidomethili, picha inapigwa, kisha rangi na kizibo huondolewa kwa kemikali na mzunguko unaofuata unaanza. Kinachotakiwa hapa ni kila mnyororo kwenye kundi la nakala zinazofanana upige hatua moja kwa kila mzunguko.

Minyororo inayobaki nyuma ni ile ambayo kizibo chake hakikutoka, au haikuungwa nukleotidi mzunguko huo. Inayotangulia ni ile iliyopata nukleotidi isiyo na kizibo. Kosa la asilimia 0.2 tu kwa mzunguko huonekana dogo, lakini baada ya mizunguko 150 ni kama asilimia 74 ya minyororo iliyo bado katika hatua moja, na robo nzima inaimba wimbo mwingine. Walio nyuma wakiongezeka, shuku kiondoa kizibo kilichochakaa, joto lisilofika, au vitendanishi visivyofika vyote kwenye kioo. Waliotangulia wakiongezeka, shuku uoshaji hafifu kati ya mizunguko au nukleotidi zilizohifadhiwa vibaya zikapoteza vizibo.

Kwenye mashine za rangi mbili kuna mtego mmoja zaidi. G haina rangi kabisa, inasomwa kwa giza. Kipande kikiwa kifupi kuliko idadi ya mizunguko, au mwanga ukififia, mashine huona giza na kuandika GGGGGG, tena wakati mwingine kwa alama nzuri za ubora. Usiamini mkia wa G hadi uone kama umeanzia baada ya mfuatano wa adapta, kipande cha bandia kilichoungwa kwenye ncha za DNA kabla ya kusomwa. Ukiwa hapo, mkia huo si DNA ya mtu yeyote: ukate kabla hujalinganisha na jenomu.